Nilimuua mkwe wangu kwenye gemu, dada yangu akakosa mume wa kweli

Wakuu, amani iwe kwenu nyote, wa bara na wa pwani.

Anayewaandikia yuko Kolwezi, Kongo. Miaka mingi nimekuwa msomaji wa kimya humu ndani, nacheka na nyinyi, nasikitika na nyinyi, sichangii. Leo limenifika shingoni.

Kiswahili changu ni cha Katanga. Nimejitahidi kukinyoosha ili tuelewane, ila pale watu wanapozungumza nimewaacha waseme walivyosema. Msinicheke sana.

Sitaongeza chumvi. Kama ningekuwa natunga, ningejitungia sehemu nzuri zaidi, maana humu mtakaponiona mimi mtaona aibu tupu.

Kwa wale wasiopenda uzi mrefu, habari yenyewe ndiyo hii. Nina mdogo wangu wa kike, Zaina. Kulikuwa na mwanaume aliyetaka kumuoa, na Zaina alimtaka. Mimi kaka mkubwa ndiye niliyetakiwa kupeleka neno kwa baba. Sikulipeleka. Nilikaa nacheza gemu, na ndani ya gemu hiyo nikaivunja ile ndoa kabla haijafungwa.

Aliye na muda, twende taratibu.

Jina langu Ramazani. Sisi asili yetu ni Maniema. Babu alikuja huku kufuata biashara, akabaki, akajenga. Mpaka leo mtaani wanatuita "bale ba Kasongo", wale wa Kasongo, na mimi Kasongo yenyewe sijawahi kuiona kwa macho. Kazi yetu ni usafirishaji. Baba ana Fuso mbili, moja naiendesha mimi. Napeleka unga, sabuni na saruji mpaka Dilolo, mpakani na Angola, narudi na samaki wa chumvi.

Huyo mwanaume anaitwa Kazadi. Ni mchimbaji. Siyo wa kampuni, ni wale wanaojichimbia wenyewe shaba na kobalti, huku tunawaita creuseurs. Alitoka Kasai na begi moja, akaingia kwenye mashimo ya Mutoshi. Mrefu, mpole, anaongea kama mtu anayepima unga.

Tulikutana kwa Tata Fidèle; tata huku ni mzee.

Tata Fidèle ni mstaafu wa migodi. Ana nyumba kule Kapata, zile nyumba za safu zilizojengwa kwa wafanyakazi enzi hizo. Chumba cha mbele ameweka kompyuta tatu kuukuu. Siku za kazi wanafunzi wa chuo wanakuja kuchapa kazi zao. Jumapili mchana, watu wakishatoka kanisani, kompyuta zinakuwa zetu watatu, courant, yaani umeme, ikiwepo.

Msije mkadhani ni yule mzee wa busara na methali. Hapana. Ni mkorofi, anakula karanga na kutupa maganda kwenye kibodi, na akishindwa anasema kipanya kimeharibika.

Sasa gemu. Mtaniuliza ni ipi, sitaitaja. Ni ile aina ya ramani kubwa, zama za kati, hakuna kupiga risasi wala kukimbiakimbia. Wewe ni mfalme. Unazaa, unaoza, unaingia vitani, unakufa, mwanao anaendelea ulipoishia. Askari siyo shida kubwa. Shida ni watu: nani ameoa kwa nani, nani anakuchukia, nani ameahidi kuja ukivamiwa.

Na kanuni yake kubwa ni hii: ukitaka mshirika wa kukusaidia vitani, lazima muoane. Bila ndoa, kila mtu na lake.

Mimi nilichukua Misri. Kazadi akachukua Nubia, hapo kusini yangu, ufalme mdogo wa Wakristo weusi kando ya mto Nile. Tata Fidèle akachukua Uhabeshi. Alisema, "Mi siwezi kucheza Bazungu na niko naona bantu kama mi ku karte," yaani kwenye ramani.

Mwanzo tulipigana vibaya sana. Nilimvamia Kazadi mara mbili, nikamnyang'anya mji. Akaungana na Tata Fidèle, wakanirudisha mpaka nilipotoka. Tata Fidèle akaona Kazadi ananenepa, akageuka, akaja upande wangu. Baada ya Jumapili nne akasahau yuko upande wa nani, akamshambulia mshirika wake mwenyewe, yaani mimi. Tulipomuuliza akasema kipanya kimeteleza.

Halafu wakaja Wazungu wa vita vya msalaba. Wakashuka na merikebu, wakachukua Yerusalemu, wakaanza kunifuata mimi jangwani. Nilikuwa nimekwisha. Nikamgeukia Kazadi nikamwambia, ndugu yangu, nisaidie.

Wakuu, wale ni watu wa dini yake. Angeweza kukaa pembeni anakula karanga na mzee. Gemu yenyewe ilimwonya kwamba mapadri wake watanuna. Alikuja. Alipoteza nusu ya jeshi lake kwenye mlango wa mji wangu, na mji haukuanguka.

Baada ya vita ile akasema, "Sasa tuoane, tusipigane tena."

Nilikuwa na binti kwenye gemu. Kwa utani tu nilikuwa nimempa jina la Zaina. Kazadi naye alikuwa amempa mrithi wake jina lake mwenyewe, Kazadi. Sikulitilia maanani.

Gemu ikakataa ndoa, dini mbili tofauti. Kazadi akafikiri kidogo, akambadilisha mrithi wake dini, akawa Mwislamu. Hapo hapo mabwana wakubwa wa Nubia wakakasirika wote, alama nyekundu zikajaa pembeni ya skrini yake.

Tata Fidèle akamwambia, "We mutoto, utakufa na hiyo ndoa."

Kazadi akajibu, "Acha nife, tata. Muke ni muke."

Tulicheka siku ile.

Jumapili iliyofuata niko nyumbani, nasikia hodi. Natoka, namkuta Kazadi. Shati jeupe limepigwa pasi, viatu vimepakwa rangi, mkononi ana kuku mweupe.

Hakunisalimia mimi kwanza. Alimwendea mama, akainama, akasema, "Mama, nimekuya kugonga mulango. Mutoto yangu ameoa mutoto ya Ramazani."

Mama akaniangalia mimi, akamwangalia yeye. "Mutoto gani?"

"Wa mu kompyuta, mama."

Mama alicheka mpaka akakaa chini. "Mu kompyuta! Na kuku nayo ni ya mu kompyuta?"

"Kuku ni ya kweli, mama."

Mama akampokea yule kuku kwa mikono miwili. Nilimchinja mimi mwenyewe. Mama akapika, tukala wote na bukari, ule ugali wetu. Zaina ndiye aliyemnawisha Kazadi mikono, na nilimwona anamwaga maji polepole kuliko kawaida. Baba alikula paja, akasema kuku alikuwa amelishwa vizuri.

Tangu siku hiyo mama alimwita buko. Huku kwetu mkwe au shemeji ndiye buko, na siyo neno la kuchezea. Hugombani na buko wako. Humwiti kwa jina lake. Akija na shida, unaamka.

Na mnisikilize vizuri hapa. Kuku wa kugonga mlango, yaani wa kuanza posa, mkishamla, mlango umefunguka. Mnaweza kusema ilikuwa utani, lakini utani ulikwisha pale sufuria ilipowekwa motoni. Mimi nilijua hivyo. Kila mtu pale nyumbani alijua.

Wiki tatu baadaye nilipita Mutoshi na gari, nikampakia Kazadi kurudi mjini. Tulipovuka reli, ndipo akasema.

"Buko, ile ya kompyuta ilikuwa ya kufungua njia tu. Mi namutaka Zaina, ule wa kweli. Na yeye ananitaka."

Nikamuuliza, na dini? Sisi Waislamu, wewe Mkristo.

"Nimeanza kusoma na shehe. Hakuna mwenye amenilazimisha. Wewe sema na muzee tu. Kwenu kaka mukubwa njo mudomo."

Nikamwambia sawa, mdomo ni mimi. Baada ya Ramadhani nitasema.

Ramadhani ikaisha. Iddi ikafika, akaja na sukari na tambi kwa mama. Akaniangalia, nikamwambia baba amechoka, ngoja kidogo. Akangoja. Mwezi uliofuata nikamwambia gari moja limeharibika, mzee ana hasira, siyo wakati mzuri. Akangoja. Kila akiniuliza ananiuliza kwa adabu ileile, na kila mara nilikuwa na sababu mpya mfukoni.

Kwa baba sikuwahi kupeleka hata nusu neno.

Kuna mwanajukwaa najua atakuwa ameshaandika huko chini, "kaka ndiye adui." Mkuu, hujakosea, ila ngoja nimalize.

Kwa nini sikusema? Nitawaambia, maana niliahidi ukweli. Nilijiambia mtu wa kushuka shimoni leo yuko, kesho udongo umemfunika, nitamwacha dada yangu mjane. Hiyo ndiyo sababu niliyoipenda kwa sababu ilinifanya nionekane mwema. Chini yake kulikuwa na nyingine. Nilijiambia huyu ni mgeni, hana nyumba, hana ukoo hapa, watu wa msikitini watasema nini juu yetu. Mimi, ambaye babu yangu alikuja hapa kwa miguu yake kutoka Maniema na mkeka kichwani, ndiye niliyemwita mwenzangu mgeni.

Hiyo sikumwambia mtu yeyote. Hata mwenyewe nilikuwa naipita haraka.

Turudi kwenye gemu, maana ndiko lilikotokea.

Wale mabwana wa Nubia hawakusahau. Kwa kuwa mrithi alibadilishwa dini ili aoe kwangu, waliasi. Mara ya kwanza Kazadi aliniita, nikaenda, tukawapiga. Mara ya pili waliasi wakiwa wengi zaidi, na mfalme wake mzee alikuwa kitandani anakufa. Tata Fidèle naye akanusa udhaifu, akaanza kumega mpaka wa kusini.

Siku hiyo nikaangalia ramani nikaona kitu.

Kijana, yule mrithi, mume wa binti yangu, alikuwa tayari na mtoto wa kiume wa miaka minne. Mjukuu wangu. Kijana akifa sasa hivi, Nubia yote inakuwa ya mjukuu, na mlezi wa mjukuu ni mimi. Sihitaji hata kupigana. Mto wote unakuwa wangu.

Nikafungua njama ya kumuua.

Kwa wasioicheza, njama haiui papo hapo. Unatafuta watu wa kushirikiana nao, unangoja, gemu inahesabu. Yangu ilichukua miaka mitatu ya gemu, kama saa moja na nusu ya Jumapili yetu. Na muda wote huo kitufe cha kuacha kiko pale, kimeandikwa kwa Kifaransa, kikubwa. Unakibonyeza, hakuna anayejua kama uliwahi kuwaza.

Kazadi alikuwa kompyuta ya pili, bega lake linagusa bega langu. Alikuwa anapigana na waasi huku ananiita.

"Buko, leta jeshi."

Nakuja.

"Buko, waasi beko nanimaliza huku."

Nakuja, nakuja. Nilipeleka askari mpaka mpakani, nikawasimamisha. Alipoona bendera zangu zimekaribia alinipiga begani kwa furaha.

Halafu ujumbe ukatokea kwenye skrini zote tatu. Mrithi wa Nubia amekufa, ameanguka kutoka ukutani. Hata hatujamaliza kuusoma, ukaja wa pili: njama imegunduliwa. Na jina langu chini yake.

Nilicheka, wakuu. Nilipiga meza. Nikaamuru askari waingie.

Tata Fidèle akapiga makofi, maganda ya karanga yakaruka. "Ramazani, we ni shetani!"

Kazadi akaondoa mikono kwenye kibodi. Akaniuliza taratibu, "Buko, ju ya nini?"

Nikamjibu, na nilisema kwa sauti ili wote wasikie, "Mukwe mwenye hana udongo, hana jeshi, ni wa nini? Wa kuyaza nyumba?"

Kulikuwa na watu wawili mlangoni wanachaji simu zao. Wakacheka. Mimi nikacheka kuwashinda wote.

Kazadi hakucheka. Alinitazama, na mimi nikamwona anavyoelewa. Alikuwa haangalii tena skrini. Alikuwa anaelewa Ramadhani, Iddi, gari bovu, na zile "ngoja" zangu zote.

Akasimama. Akakirudisha kiti mahali pake. Akamshukuru Tata Fidèle kwa heshima. Halafu akaniambia, "Mama alikula kuku yangu."

Akatoka.

Nilijipa moyo kwamba ni hasira za gemu, zitapita. Jumapili iliyofuata hakuja. Ya pili hakuja. Nikaenda Mutoshi, wenzake wakaniambia ameacha shimo, amewagawia vifaa vyake, amepanda lori la kwenda Dilolo kwa shangazi yake. Mmoja akaniuliza mimi ni nani kwake. Nikarudi kwenye gari.

Nyumbani Zaina alikuwa na cherehani yake barazani, anashona. Nikapita kimyakimya. Akaniita bila kuinua kichwa. Huku yaya ni kaka mkubwa.

"Yaya, baba ulimuambia?"

Nikasema bado.

"Mwezi ngapi, bado?"

Akakata uzi kwa meno.

"Kazadi amenipigia simu. Amesema nisimungoje." Akageuza kitambaa. "Na ule wa mu kompyuta, mwenye jina yangu. Bwana yake alipokufa, alifanya nini?"

Nikasema alirudi kwetu.

"Alikukasirikia?"

Alinikasirikia. Kwenye gemu kila mtu ana alama za anavyokuona, na za yule binti zilikuwa zimeshuka mpaka chini kabisa, haziwezi kushuka tena. Nikamwambia ndiyo.

"Basi eko na akili," Zaina akasema, akaendelea kushona.

Hakunitukana. Ningeshukuru kama angenitukana.

Kilichonimaliza kabisa ni baba. Siku moja tunabadilisha tairi, yeye na mimi, akaniuliza bila kunitazama, "Ule kijana wa kuku anakuya lini?"

Nikaiweka spana chini.

"Shehe aliniambia zamani," baba akasema. "Anasoma vizuri, kuliko wewe ulivyosoma. Mi nilikuwa nangoja mudomo yako. Mi baba siwezi kumufuata kijana mu njia kumuambia kuya uoe mutoto yangu. Nilikuwa nangoja tu useme."

Yaani mlango ulikuwa wazi muda wote. Hakuna ukoo uliokataa, hakuna dini iliyokataa. Aliyesimama mlangoni ni mimi peke yangu. Wakuu, nilitamani ardhi ipasuke.

Nikaenda kwa Tata Fidèle kumuuliza nifanye nini, maana yeye na Kazadi asili yao ni majirani kule Kasai. Siku hiyo hakutania. Alisema kwa watu wao ukimkosea buko huendi kuomba radhi mikono mitupu. Unampelekea kuku mzima. Wakimchinja mkala pamoja, neno limekufa, hakuna wa kulifufua. Wakikurudishia kuku akiwa hai, basi buko imekufa.

"Na wewe," akaongeza, "ile siku mi nilipiga makofi. Umuambie na mi naomba musamaha."

Nikatafuta kuku mweupe sokoni. Zaina aliniona ninavyomfunga miguu nyuma ya kiti cha Fuso. Aliingia ndani akatoka na mahindi kidogo kwenye karatasi, ya kumlisha njiani.

Kwenye gemu ukimkosea mtu unamtumia zawadi, alama zinapanda, anasahau. Sitawaficha, nilikuwa na akili hiyo njia nzima. Barabara ya Dilolo ni ndefu na mbovu, na kila shimo la barabarani yule kuku alikuwa analia, na mimi nikawa napanga maneno.

Nilimkuta Kazadi Dilolo, karibu na stesheni. Anauza samaki wa chumvi na mafuta yanayotoka upande wa Angola. Amenenepa kidogo, hana vumbi tena kwenye nyusi. Akanipokea vizuri. Akanipa kiti. Shangazi yake akaja, akamwona kuku.

"Kuku ya nini?"

Kazadi akamwambia, "Ya Ramazani."

Wakuu, hakusema "ya buko". Toka siku ile ya shati jeupe hakuwahi kunitaja kwa jina.

Niliomba radhi hata hivyo. Nilimwambia yote, hata ile sababu ya chini ambayo sikuwahi kumwambia mtu. Nikamwambia kwamba baba anamngoja. Nikamwambia kwamba Zaina hajamkubali mwingine. Shangazi alikuwa amesimama pale na kisu mkononi, anamtazama Kazadi, anangoja aambiwe achinje au asichinje.

Kazadi hakumtazama shangazi. Aliangalia mikono yake.

"Mi sikukasirika ju ya gemu," akasema. "Gemu ni gemu. Lakini mi niko muntu wa mashimo. Kule chini unashuka na kamba, na ile kamba iko mu mikono ya muntu mwenye eko juu. Haumuone. Unasikia sauti yake tu, anakuambia niko, niko. Njo maana mi naangalia mikono ya bantu."

Nikataka kusema kitu. Akainua kidole, siyo kwa ukali.

"Ulikuwa na miaka tatu ya kuacha. Mi nilikuwa pembeni yako, nakuita. Ukasema nakuya, nakuya. Na mikono yako nilikuwa naiona."

Nikaitia mikono mifukoni.

Akamgeukia shangazi. "Mama, leo tunakula samaki."

Shangazi akakirudisha kisu jikoni.

Tulikula samaki na bukari. Aliniuliza habari za mama, za mgongo wa baba, za Tata Fidèle na kipanya chake. Nikampa salamu za mzee za kuomba msamaha, akatabasamu, akasema huyo amesamehewa zamani. Za Zaina hakuuliza, na mimi sikuthubutu kumtaja tena.

Asubuhi nilipokuwa napasha injini alikuja na yule kuku. Alikuwa amemnywesha maji na kumfunga upya miguu, vizuri kuliko nilivyomfunga mimi. Akamweka kwenye kiti cha pembeni, akafunga mlango wa gari polepole.

"Safiri salama, Ramazani."

Nililia mpaka Kasaji, mji wa njiani. Mwanaume mzima, ndani ya Fuso, na kuku.

Nilipofika nyumbani Zaina alikuwa barazani, kwenye cherehani. Alisikia gari, akasimama. Nilishuka na kuku mkononi, akiwa hai. Alimwangalia kuku, hakuniangalia mimi. Hakuhitaji kuuliza, Tata Fidèle alikuwa ameshamweleza ile kanuni.

"Yaya, umefika salama?"

Nikasema nimefika.

Akanipokea yule kuku. Akapiga magoti, akamfungua kamba miguuni, akamwekea maji kwenye kopo. Halafu akarudi kushona.

Sasa mwaka umepita. Gemu sijaigusa tena. Tata Fidèle amewahi kufungua ile save, gemu yetu iliyohifadhiwa, akakuta Misri yangu imekula Nubia yote kama nilivyopanga, akaifuta bila kuniuliza. Nilimshukuru.

Somo langu siyo kwamba gemu ni mbaya. Nimeona humu wengi wakisema gemu zinaharibu vijana. Gemu haikuniharibu. Ilinipa saa moja na nusu na kitufe kikubwa cha kuacha, na mimi nikamwonyesha kila mtu nilivyo. Wewe ambaye umepewa kusema neno la mwenzako, lipeleke leo. Ukikataa, kataa mchana, mbele yake, ajue. Usimwambie mtu "nakuja" huku umesimama mpakani.

Haya, nimemaliza, uwanja ni wenu. Mnaotaka kunichana, nichaneni, nitasoma zote.

Ila nina swali moja, na ndilo lililonifanya niandike. Kuku hatujamla. Mama amekataa achinjwe, Zaina ndiye anayemlisha, analala chini ya cherehani yake. Kama humu kuna mtu wa Kasai, au wa popote penye desturi hii, aliyewahi kuona kuku aliyerudishwa akapelekwa tena mara ya pili, na safari hiyo akachinjwa, naomba aniandikie hapa.

Dada yangu hajaolewa. Na mimi Alhamisi nina mzigo wa Dilolo.